Puto linamfuata au anamfuata? Filamu ya Lamorisse na mtihani wa ngeli

Mwaka 1956 mwelekezi Mfaransa Albert Lamorisse alitoa filamu fupi ya takriban dakika 34 iitwayo Le Ballon rouge, yaani Puto Jekundu. Mvulana mdogo anapata puto, wanakuwa marafiki, kisha wavulana wengine wanaliua. Msomaji makini ameshaona kwamba katika sentensi moja nimeandika "wanakuwa marafiki" na papo hapo nikaandika "wanaliua". Tulia, tutafika huko. Ndiko hasa makala ya wiki hii yanakoelekea.

Kwanza, kinaya kimoja. Filamu hii karibu haina maneno. Watu wanatembea, mabasi yanapita, muziki wa Maurice Le Roux unasikika, na mara mojamoja mtu anaropoka neno au mawili. Hata hivyo, Marekani iliipa tuzo ya Oscar ya mswada bora asilia, ikaipita La Strada ya Fellini na The Ladykillers ya Waingereza, filamu ndefu zenye mazungumzo tele. Hadi leo hakuna filamu fupi nyingine iliyotwaa Oscar nje ya vitengo vya filamu fupi. Huko Cannes nako ilikuwa imeshinda tuzo kuu ya filamu fupi. Swali la wapenzi wa lugha ni hili: mswada usio na maneno husifiwa kwa lipi? Jibu langu ni kwamba husifiwa kwa vitenzi. Kila tukio katika filamu hii ni kitenzi, na kila kitenzi kina mtendaji. Mzungumzaji wa Kiswahili akitaka kusimulia anachokiona, atagundua kwamba lugha yake inamdai jambo ambalo Kifaransa hakikumdai Lamorisse wala Kiingereza hakimdai mtazamaji wa London.

Hebu tazama. Kwa Kifaransa, puto ni le ballon, jinsi ya kiume, na kiwakilishi chake ni il. Kiwakilishi hichohicho ndicho cha mtoto wa kiume. Ukisema "il" hujafichua kama unamwona rafiki au unaliona gunia la hewa. Mwingereza naye ana "it", analibandika puto hilo na kwenda zake. Mswahili hana pa kujificha. Puto li katika ngeli ya LI-YA: puto limepaa, maputo yamepaa. Kitu chenye uhai kinahamia A-WA hata kama umbo la nomino linakisukuma kwingineko. Ndiyo maana tunasema kifaru amekunywa maji mtoni, lakini kifaru kimevuka mpaka na wanajeshi ndani. Kiboko amezama ziwani. Kiboko kimetundikwa ukutani. Na mfano unaoigusa filamu yetu zaidi ya yote: ndege ametua mtini, ndege imetua Mombasa. Neno ni lilelile, mabawa yapo kotekote, kupaa ni kulekule. Kinachotofautisha kiumbe na chombo ni silabi moja mbele ya kitenzi.

(Mitaani Nairobi, najua, wengi wetu tutasema "puto imepaa", au "baluni imepaa", maana I-ZI imekuwa kapu la kila kitu kisicho na roho. Hilo haliliondoi tatizo. Linalihamisha tu: sasa ni "imepaa" dhidi ya "amepaa".)

Basi twende na mtoto. Anaitwa Pascal, na aliyemwigiza ni Pascal Lamorisse, mwana wa mwelekezi mwenyewe. Asubuhi moja anatelemka ngazi za Ménilmontant, mtaa wa watu wa kipato cha chini ulioko mlimani mashariki mwa Paris. Anasimama kidogo kumpapasa paka. Kisha anaona puto kubwa jekundu limenasa kwenye mlingoti wa taa ya barabarani. Anauparamia mlingoti, anafungua uzi, anashuka. Hapa hakuna shaka yoyote, ni LI. Limefungwa, linafunguliwa, linachukuliwa. Anataka kupanda basi, utingo anamkatalia kwa sababu ya puto lile. Inambidi akimbie hadi shuleni, anachelewa, na puto linaachwa mikononi mwa mfagiaji mpaka masomo yaishe. Mvua inapomkuta njiani akirejea nyumbani, Pascal anajipenyeza chini ya miavuli ya wapita njia, mmoja baada ya mwingine, si ili yeye asilowe bali ili puto lisilowe. Hata hapo bado ni LI. Unaweza kukilinda kitu chako dhidi ya mvua bila kukidhania kuwa ni mtu. Hata simu tunaifunika.

Badiliko linatokea dirishani. Mwanamke mzee anayeishi na mtoto analitoa puto nje na kuliachilia. Puto la kawaida lingeenda zake angani na hadithi ingekwisha. Hili halendi popote. Linabaki palepale karibu na roshani, linangoja. Pascal anafungua dirisha na kulirudisha ndani.

Nimeandika "linangoja". Jaribu kuitamka sentensi hiyo kwa sauti na utahisi kitu kikikukwaruza. Kungoja ni kazi ya mwenye nia. Gari linaweza "kungoja" abiria, lakini hapo tunamaanisha dereva. Puto hili halina dereva.

Kuanzia hapo filamu inakuwa mchezo wa nani anamwongoza nani. Pascal anataka kushika uzi, puto linakwepa. Anajifanya hajali, linamnyemelea kwa nyuma. Anapanda basi, na puto linalifuata basi barabarani huku uzi ukining'inia. Shuleni vurugu zinazuka na mwalimu mkuu anamfungia mtoto ofisini. Mwalimu huyo anapotoka kwenda mjini, puto linamwandama hatua kwa hatua na kumchezea kichwani mpaka heshima yake yote inamtoka. Katika soko la vitu kuukuu, Pascal anaposimama kuutazama mchoro wa msichana, puto nalo limekwenda kujitazama kwenye kioo. Na kuna msichana mdogo anayepita na puto la buluu. Puto jekundu linaligeukia lile la buluu na kulifuata, kama kijana yeyote aliyeona kitu kizuri njiani. Msichana huyo ni Sabine, bintiye Lamorisse. Filamu ni ya kifamilia kweli.

Walimu wa fasihi hapa watainua kalamu nyekundu waandike: tashihisi. Ni sahihi. Tashihisi, au uhuishi kama wengine wanavyoiita, ni mbinu ya kukipa kitu kisicho na uhai sifa za binadamu. Kila mtahiniwa wa kidato cha nne anaijua fasili hiyo, na wengi wanaweza kuichomoa katika shairi kabla hawajajua shairi linasema nini. "Upepo ulinong'ona: tashihisi, alama moja." Hapo ndipo ninapoteta na jinsi tunavyofundisha. Kuitaja mbinu ni kama kutaja jina la mlango. Lililo muhimu ni kujua ulipofunguliwa na nani aliyeingia. Katika Puto Jekundu unaweza kuweka kidole kwenye dakika ambapo kitu kinageuka kuwa mwenzako, na ukishaiona dakika hiyo huwezi tena kusema tashihisi ni pambo.

Tazama pia jinsi Lamorisse anavyojizuia. Puto halina macho yaliyochorwa. Halina mdomo, haliongei, wala halina hata jina. Mtoto huliita "Ballon!" basi, kama ambavyo ngano zetu humwita Sungura kwa jina la jamii yake na kumpa herufi kubwa mwanzoni. Fisi ni Fisi, Kobe ni Kobe, nasi hatuoni upungufu. Lakini Sungura wa ngano anasema, tena anasema sana! Puto linanyamaza mwanzo hadi mwisho. Uhai wake wote uko katika umbali: limekaribia, limerudi nyuma, limesita, limesimama juu kidogo ya kichwa cha rafiki yake. Angekuja mmoja wa wasimulizi wetu wa filamu, wale wanaozijaza filamu za kigeni maneno ya Kiswahili kuanzia mwanzo hadi tamati, akalipa puto sauti ya kuchekesha, angekuwa amelitoboa kabla ya wale wavulana.

Mhakiki André Bazin aliliona jambo hilo mapema. Katika insha yake maarufu kuhusu mipaka ya uhariri wa filamu, alitumia Puto Jekundu pamoja na Crin-Blanc, filamu ya awali ya Lamorisse. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba tunaliamini puto kwa sababu tunaliona ndani ya picha moja na mtoto, katika barabara ya kweli, bila kukatizwa. Tunajua kuna ujanja mahali fulani, uzi mwembamba au mkono uliofichika. Lakini ujanja huo ulifanyika mbele ya kamera, haukuundwa baadaye kwa kukata na kuunga vipande. Mkato ungekuwa kama msimulizi kutuambia "puto lilimfuata". Picha nzima inatuachia kujionea lenyewe likifuata, mita chache nyuma ya mtoto, kwenye mawe yaliyolowa ya Ménilmontant.

Wapo waliokataa. François Truffaut, ambaye wakati huo alikuwa bado mhakiki mwenye ulimi mkali na hajatengeneza Les Quatre Cents Coups, hakuipenda filamu hii. Hakuridhishwa na kumpa mnyama au kitu tabia za mtu. Pingamizi lake lina uzito, maana kuna hadithi nyingi za watoto ambamo kila kijiko kinaimba na mtoto hafundishwi lolote kuhusu vijiko wala watu. Hata hivyo, nadhani alikosea kuhusu puto hili. Puto la Lamorisse halisahau kwamba ni puto. Upepo unalisukuma, jiwe linalitisha, na sindano yoyote ingelimaliza. Ni rafiki aliyeumbwa kwa ngozi nyembamba na hewa, na mtazamaji anajua hivyo wakati wote. Ndiyo sababu tunaogopa.

Sasa turudi kwenye lugha, maana kuna upande wa pili wa ngeli ambao filamu inaufichua bila kukusudia. Kiswahili kinaweza kukipandisha kitu hadi A-WA, lakini pia kinaweza kumshusha mtu kutoka humo. Mtu yule amekuja. Jitu lile limekuja. Kijitu kile kimekuja. Mwizi ameiba, jizi limeiba. Ukitaka kumtweza mtoto wa jirani husemi tusi, unasema tu "kijitoto kile kinalia". Dharau yote imo ndani ya "ki". Wakubwa katika filamu hii wanafanya hivyohivyo kwa matendo. Utingo hamwoni abiria, anaona mzigo. Mwalimu mkuu anamfungia Pascal ofisini kama mtu anayeweka sanduku stoo. Siku ya Jumapili puto linamfuata mtoto hadi kanisani, na mlinzi anawatoa. Hakuna mtu mzima anayefanya ukatili mkubwa. Hawana muda tu. Kwa hiyo tuna mtoto anayeshushwa ngeli na puto linalopandishwa, na wanakutana katikati. Urafiki wao una sababu.

Na wakishakutana, sarufi inazidi kutatizika. Tunasema "mtoto na mbwa wanatembea" bila wasiwasi. Je, "mtoto na puto wanatembea"? Mwanasarufi atakushauri ukwepe: sema "mtoto anatembea na puto". Sawa, lakini hicho kiunganishi "na" nacho kina siri yake. Lugha yetu kwa kawaida haielezi kumiliki kwa kitenzi kimoja. Tuna "kuwa na". Pascal ana puto, yaani yu pamoja na puto. Sisi Wakenya tumekwenda mbele zaidi, tunasema "yuko na puto", na wasanifishaji wamekuwa wakitukemea miaka nenda miaka rudi kwamba "niko na pesa" si Kiswahili fasaha. Sitetei kosa. Nasema tu kwamba kama kuna sentensi moja duniani ambapo "yuko na" inastahili kusamehewa, ni hii. Mwanzoni mwa filamu Pascal ana puto. Kufikia katikati, Pascal yuko na puto.

Vimilikishi pia vinashangaza. Neno "rafiki" lenyewe halikukaa sawasawa katika A-WA. Tunasema "rafiki yangu amekuja", si "rafiki wangu". "Yangu" inatoka I-ZI, "a-" inatoka A-WA, na hakuna anayelalamika. Vivyo hivyo "ndugu yangu", "jirani yetu", "mama yake". Watu walio karibu nasi zaidi ndio tunaowaita kwa kimilikishi cha vitu na kitenzi cha watu. Kwa hivyo "puto langu amerudi" si ajabu kubwa kama inavyosikika kwa mara ya kwanza.

Wavulana wa mtaani wanaliona puto hilo na kulitaka. Wanamvizia Pascal alipoingia katika duka la mikate na kuliacha nje, wanaliiba. Analikomboa, wanamfukuza katika vichochoro vyembamba vyenye kuta ndefu pande zote mbili, na mbio zinaishia kwenye kiwanja kitupu mlimani. Hapo mawe yanarushwa na manati zinavutwa. Kwa nini? Filamu haituelezi kwa maneno, na nafurahi haituelezi. Si kwamba wao hawana puto. Wangeweza kwenda kununua moja. Wanachokosa ni kufuatwa, na hicho hakiuzwi. Kwa kuwa hawawezi kulifanya liwapende, wanahakikisha kwamba ni kitu tu. Kulipiga jiwe ni kulirudisha kwenye LI.

Puto linapigwa, lakini halipasuki. Hilo ndilo chaguo la ajabu kuliko yote la Lamorisse. Mlio wa "pa!" ungekuwa mwisho wa mzaha. Badala yake hewa inatoka polepole, ngozi inakunjamana, wekundu unafifia, na puto linashuka mbele ya mtoto kama mgonjwa anayezidiwa kitandani. Mwishowe mguu wa mvulana mmoja unalikanyaga.

Sasa niambie, kilicho pale chini tukiiteje? Kiswahili kimewahi kuligusa swali hili katika neno "maiti". Utasikia "maiti amezikwa" na utasikia "maiti imepatikana mtoni", na wasemaji wote wawili ni wajuzi wa lugha. Anayemzika ni mtu wake, hivyo anasema "a-". Anayeripoti habari hamjui marehemu, hivyo anasema "i-". Wala si swali la vitabuni pekee. Mhariri wa habari hulijibu kila siku anapoandika kuhusu ajali, na jamaa wanaosoma gazeti hulisikia jibu lake. Pale kiwanjani Ménilmontant wamo wasemaji wa aina zote mbili. Wavulana wanakimbia wakiwa wameliacha. Pascal amekaa na rafiki yake aliyekufa.

Baada ya hapo maputo yote ya Paris yanaondoka yalipo. Yanamponyoka muuzaji, yanatoka mikononi mwa watoto, yanapita madirishani, ya kila rangi, na yanaelekea mlimani kwa makundi. Yanashuka hadi kwa Pascal, naye anazikusanya nyuzi zake moja baada ya nyingine hadi yanambeba juu ya mapaa ya jiji. Watu wengi huuona mwisho huu kuwa wa furaha. Wengine wanahisi ni picha ya kifo cha mtoto, naye anachukuliwa na malaika wa plastiki. Mimi naona filamu inaruhusu yote mawili, na ndivyo ilivyo pia katika Crin-Blanc ya mwaka 1953, ambamo mvulana Folco na farasi mweupe wa mwituni wanaingia baharini wakiwakimbia watu wazima huku msimulizi akituahidi kisiwa ambako watu na farasi ni marafiki. Lamorisse alipenda kuwatoa watoto wake nje ya ramani. (Mtu huyuhuyu ndiye aliyebuni mchezo wa kuteka ramani nzima ya dunia, unaojulikana leo kama Risk. Sijui la kusema kuhusu hilo.) Mwenyewe alifariki mwaka 1970 katika ajali ya helikopta nchini Iran akipiga picha za filamu kutoka angani.

Mtaa wa filamu hii nao ulikwenda. Sehemu kubwa ya vichochoro na ngazi zile zilibomolewa miaka ya 1960 kupisha majengo mapya, kiasi kwamba watu wa Paris huitazama Puto Jekundu pia ili kuuona mji wao wa zamani. Mwaka 2007 mwelekezi wa Taiwan, Hou Hsiao-hsien, alilirudisha puto mjini humo katika filamu ndefu akiwa na Juliette Binoche. Puto lake linapita madirishani, linachungulia, linaondoka. Kwa hilo sina tatizo la ngeli. Ni LI kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

La Lamorisse ndilo linalonihangaisha. Kama ningepewa kazi ya kuandika maelezo ya Kiswahili chini ya picha zake, ningeandika "limenasa" kwenye mlingoti wa taa, "limeachwa" kwa mfagiaji, "linalindwa" chini ya miavuli. Roshani ingenigharimu usiku mzima. Nadhani ningeandika "anangoja", halafu nisirudi nyuma tena, hata mguu ule unapokanyaga. Na maputo yale yanapotokea juu ya mapaa, ambayo hatujakutana nayo kamwe na hatujui lolote kuyahusu ila kwamba yamesikia, ningeandika tu: wamekuja.